Jukwaa la Sura Elfu Tisa

Wasioijua Jamhuri ya Makofini husema ni nchi ya kubuni. Wanaoijua husema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini na baada ya kuchungulia mlangoni. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba, na ina amani nyingi kiasi kwamba imewekewa askari kila kona isije ikatoroka.

Kiongozi wake, Mtukufu, alipendwa mno na watu wake. Alipendwa kwa mujibu wa sheria, kifungu cha nne. Na kwa kuwa mapenzi yasiyoonekana huzua maswali, Bunge lilipitisha kwamba kila boksi nchini, liwe la sabuni, la misumari au la biskuti, lichapwe sura ya Mtukufu katika kila ubavu, na sura hiyo isipungue robo tatu ya ubavu. Robo iliyobaki waliachiwa wafanyabiashara waandike mambo yao. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Makofini akitaka kujua boksi lina nini, hulitikisa kwanza.

Sasa, Jumanne moja ya tarehe tisa Julai, mpakuzi mmoja wa soko kuu aliyeitwa Mbaruku alishusha magunia arobaini ya viazi tangu alfajiri. Saa sita miguu ikamwambia basi. Akavuta boksi tupu la sabuni, akakaa, akafungua muhogo wake wa kuchemsha. Hata muhogo wenyewe hakuumaliza.

Mahakamani hakimu alitaka kujua jambo moja tu: je, mshtakiwa alipokaa, sura ya Mtukufu ilikuwa imetazama juu au chini?

"Sikuangalia, mheshimiwa hakimu," alisema Mbaruku, ambaye alilelewa vibaya akafundishwa kusema kweli. "Nilikaa tu."

Hakimu akasikitika sana. Akaeleza kwamba kumkalia Mtukufu ni kosa moja, na kumkalia bila hata kumtazama ni dharau, ambayo ni kosa la pili. Akampa miaka mitatu. Gerezani wafungwa wa aina yake walikuwa na mafunzo maalumu yaliyoitwa Somo la Kukaa. Kutwa nzima walisimama. Aliyetaka kukaa sharti aulize kwanza kwa sauti, "Kimetengenezwa na nini?" na asikae mpaka askari amjibu. Askari wengi hawakuwa na haraka ya kujibu.

Mkewe, Somoe, alikwenda kumwona mara moja kwa mwezi. Alikaa kwenye benchi la wageni, naye Mbaruku akasimama mbele yake, mikono ubavuni, magoti yamevimba. Somoe alipotoka pale alilia njia nzima, tena hakujifichaficha. Alimpenda mume wake, bila kifungu chochote.

*

Mwaka huo huo Mheshimiwa Pambe, Waziri wa Viwanda, Heshima na Mengineyo, alirudi kutoka safari ya mafunzo ya ng'ambo akiwa na masanduku sita na wazo moja. Huko alikokwenda alikuwa ameona watu wakichukua mabaki ya mbao na maboksi makuukuu, wakayafanya hadibodi za kutengenezea dari, milango na madawati.

"Ndugu wananchi!" alisema kwenye redio. "Kwa miaka mingi tumekalia utajiri!" Hapo akakumbuka sheria, akakohoa. "Tumesimama karibu na utajiri. Taka yetu ni hazina yetu!"

Kiwanda cha Taifa cha Hadibodi kikajengwa. Mtukufu mwenyewe alikuja kuweka jiwe la msingi, na kwa bahati mbaya akakanyaga saruji mbichi. Alama ya kiatu chake ikazungushiwa uzio wa chuma na kupewa mlinzi wa zamu tatu.

Fundi mkuu akawa Somoe. Sikwambii kwamba walimtafuta kwa sifa zake. Walimtafuta kwa sababu wakurugenzi kumi na mmoja walishateuliwa na hakuna hata mmoja aliyejua kazi. Somoe alikuwa amekaa miaka ishirini kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, akajifunza kwa macho na mikono. Aliwafundisha wenzake hivi: vipande vya mbao vipikwe kwa mvuke mpaka vilegee, visagwe viwe kama pamba chafu. Maboksi yalowekwe siku mbili, yakorogwe mpaka yawe uji. Viwili hivyo vichanganywe, vichujwe juu ya wavu, vikandamizwe kwa moto. Kabla ya kukandamiza, yeye alichota konzi ya uji ule akaukamua. Ukishikana kama tonge la ugali, sawa. Ukimomonyoka, rudi nyuma.

"Mbao ndiyo nyama," aliwaambia. "Boksi ndiyo mishipa. Nyama bila mishipa haisimami."

Malori ya kwanza ya maboksi yakaja, na hapo ndipo serikali ilipokutana na serikali.

Getini alisimama Bwana Ngwali, Afisa Itifaki, mtu mwembamba mwenye suti moja na woga wa suti kumi. Nyuma yake, Kikosi cha Mikasi.

"Fundi, haya maboksi unayapeleka wapi?"

"Kwenye tangi la maji, bwana."

"Ukamtose Mtukufu majini?" Ngwali akashika kifua. "Umkoroge? Umkamue?"

Wakaelewana kwa njia ya Ngwali. Kila boksi lilipigiwa saluti, sura zake zikakatwa kwa mkasi, zikawekwa kwenye sinia, zikapelekwa kwa mwendo wa pole katika Ghala la Sura lililokuwa ng'ambo ya uwanja. Kilichobaki kikakabidhiwa kiwanda. Kilikuwa ni kingo za boksi, vipande vya selotepu, na maneno "WEKA MBALI NA MVUA".

*

Hadibodi za kwanza zilitoka nyororo na za kupendeza, nazo zilivunjika kila zilipoguswa. Moja ilivunjika ilipotazamwa na mkurugenzi. Somoe alieleza kwamba mbao tupu bila nyuzi za boksi haziwezi kushikana. Waziri Pambe akaitisha kikao cha dharura, kikala kuku, kikatoka na jawabu.

"Hadibodi ikivunjika vipande viwili," alisoma Waziri, "ihesabiwe kuwa hadibodi mbili."

Mwezi ule uzalishaji ukaongezeka maradufu. Mwezi uliofuata Kombo, mpishi wa mvuke, aliangusha rundo zima kwa bahati mbaya, akapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Shule zilizoahidiwa madawati zilipelekewa magunia ya vipande, pamoja na barua ya kuzipongeza.

Mambo yangeendelea hivyo kwa raha, kama yanavyoendelea mengine, lau Mtukufu asingetangaza kwamba atakuja kukizindua kiwanda Siku ya Makofi, na kwamba atahutubia taifa akiwa amesimama juu ya jukwaa la hadibodi zilizotoka humo humo kiwandani.

Waziri Pambe alimwita Somoe ofisini. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye tai.

"Fundi, jukwaa litamhimili?"

"Uzito wake kiasi gani, mheshimiwa?"

"Wewe! Uzito wa Mtukufu ni siri ya dola!"

"Basi nipimeje unene wa bodi?"

"Pima kwa uzalendo."

Waziri akafunga mlango, akashusha sauti, akawa kama binadamu. "Sikiliza, mama. Nimesoma faili lako. Una mume ndani. Jukwaa likisimama, kesho yake Mbaruku yuko nyumbani, barua ya msamaha naiandika kwa mkono wangu. Likianguka..." Akatabasamu. "Likianguka pia tutawakutanisha. Ila itabidi wewe ndiye umfuate."

Somoe alitoka pale. Aliogopa, na aliyeogopa hana haja ya kujifanya jasiri. Lakini alikuwa fundi, na fundi hata akiogopa hupima. Alikwenda kwenye ile alama ya kiatu iliyozungushiwa uzio, akamwambia mlinzi kwamba amekuja kutoa heshima. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akapima kina kwa vidole. Vidole vinne kamili. Saruji ile aliichanganya Kombo, na Somoe alijua vizuri ilikuwa ngumu kiasi gani.

Akarudi akihesabu moyoni. Kwa mtu wa vidole vinne, mbao tupu zingesimama kwa muda wa kusema "Ndugu wananchi". Zilihitajika nyuzi za boksi, tena nyingi. Na nyuzi zote za nchi zilikuwa ng'ambo ya uwanja, kwenye ghala, zikilindwa.

*

Hakwenda kuziiba. Zilimfuata zenyewe.

Siku iliyofuata Bwana Ngwali alimjia tangini, macho mekundu. Alimvuta kando, akazungumza huku akitazama maji.

"Fundi, nimekwisha."

"Kuna nini, Bwana Ngwali?"

Sheria, alieleza, ilikataza sura kuwekwa juu ya sura, kwa kuwa hakuna aliye juu ya Mtukufu, hata Mtukufu mwenyewe. Kwa hiyo zilianikwa kwenye kamba, moja moja, kama nguo. Kamba zikajaa. Ghala likajaa. Kisha paa likavuja, na baada ya paa wakaja mchwa, nao walikuwa wameanza kumla Mtukufu kuanzia masikio. Ngwali aliwafungulia mchwa mashtaka. Waliitwa mahakamani mara mbili, hawakufika.

"Na Siku ya Makofi Mtukufu atapitishwa ghalani," alisema Ngwali. "Akijiona hana masikio, mimi nitakuwa sina kichwa. Nina watoto wanne, dada yangu. Hilo tangi lako... lina kina gani?"

Somoe alimtazama mtu yule aliyekuwa akilipigia saluti boksi la biskuti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "dada yangu". Akamhurumia, na wakati huo huo akahisi mlango umefunguka.

"Linatosha," akasema. "Ila uniandikie."

Ngwali hangeweza kufanya kitu bila fomu hata kama nyumba inaungua. Akaitoa mfukoni, akaijaza pale pale: *Uhamisho wa Sura kwa Njia ya Maji. Idadi: elfu tisa. Mahali zinapohamia:*

"Niandike wapi?"

"Andika mahali pa juu, mbele ya wananchi wote."

Ngwali akaandika. Hakuuliza zaidi, maana alijua swali moja zaidi lingemlazimu kujua. Akaweka saini na mhuri.

Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga. Sura elfu tisa zikaingia tangini. Siku ya kwanza zilielea, zote zikitazama juu kwa ukali, na Kombo akakataa kukaribia. Siku ya pili wino ukaachia, nyusi zikaondoka, masharubu yakafuata, mwishowe ukabaki uji wa kahawia usio na cheo chochote. Somoe alichota konzi, akakamua. Ukashikana kama tonge. Kwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa Julai ya mwaka juzi, alicheka.

Akachanganya na mbao, akachuja, akakandamiza. Hadibodi zilipopoa alizigonga kwa kifundo cha kidole, zikajibu kwa sauti nzito. Kombo aliruka juu ya moja mara tatu. Wakurugenzi walilalamika kwamba haivunjiki na hivyo itashusha uzalishaji.

*

Siku ya Makofi jukwaa lilikuwa limesimama uwanjani na ngazi zake tano, limepakwa rangi ya bendera. Wananchi walikuwa wamefika kwa hiari tangu saa kumi na moja, kila mmoja ametiwa tiki kwenye orodha. Mtukufu akapanda. Waziri Pambe akafumba macho. Jukwaa halikutoa hata mlio.

Mtukufu alihutubia saa tatu na nusu. Alizungumzia mvua, ambayo aliiahidi, na maadui, ambao aliwaahidi pia. Kila alipofika kwenye neno "uthabiti" alipiga mguu chini, puu! na jukwaa likamstahimili. Somoe alisimama karibu na ngazi, akihesabu mipigo. Mpigo wa kumi na tisa ulipopita salama alimsogelea Waziri.

"Mheshimiwa, limesimama."

"Nimeona, mama. Hongera kwa taifa."

"Ile barua ya mume wangu..."

"Barua gani?" Waziri alikuwa akipiga makofi huku akiongea. "Ah, lile. Furaha ya taifa usiichanganye na mambo ya nyumbani, mama. Tumeunda kamati ndogo. Itaangalia kama kuna haja ya kuunda kamati."

Hakuwa na hasira za kelele. Alimwona Mbaruku amesimama mbele ya benchi la wageni, magoti yamevimba, na akajua kwamba atasimama hivyo mpaka mwisho.

Wakati huo huo Mtukufu, aliyefurahishwa na mguu wake mwenyewe, akasema kwenye kipaza sauti: "Huyu fundi yuko wapi? Mama, hebu tueleze. Nimepiga mguu hapa, hapatikisiki! Umeweka nini humu ndani?"

Kipaza sauti cha pili kikaletwa. Waziri Pambe akamnong'oneza jibu lililoandaliwa: "Sema uzalendo. Uzalendo!"

Somoe akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimekuweka wewe, Mtukufu."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni shairi. Mtukufu akatabasamu, akangoja beti zinazofuata.

"Sura zako za kwenye maboksi," aliendelea Somoe. "Elfu tisa. Nimeziloweka siku mbili, nikazikoroga, nikazikamua, nikazikandamiza kwa moto. Zimeshika vizuri sana. Umezikanyaga tangu asubuhi, na viatu." Akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi. "Mume wangu alikalia moja tu."

Makofi yakakatika. Mzee mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa na tatizo la masikio, aliendelea peke yake kwa muda, halafu akaacha.

Mtukufu akatazama chini. Akanyanyua mguu wa kulia, polepole. Kisha akatafuta pa kuuweka, asipate. Huku ilikuwa hadibodi, na kule hadibodi, na ngazi zote tano ni hadibodi. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameng'ang'ania mti wa kipaza sauti.

"Mkamateni!" alipiga kelele Waziri Pambe.

Askari wawili wakasogea. Ndipo Bwana Ngwali, akitetemeka mpaka suti ikatetemeka naye, alipojitokeza akainama mbele ya jukwaa.

"Mtukufu, kwa idhini yako. Akikamatwa kwa kuziweka, hati ya mashtaka itabidi iseme ziliwekwa chini ya nini. Na ikisema, hakimu atauliza kama... kama aliyesimama aliangalia kwanza."

Mguu wa kushoto wa Mtukufu ulianza kuchoka.

"Sasa mnataka niishi hapa?" akauliza, na kwa mara ya kwanza wananchi wakamsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

"Sheria inaweza kurekebishwa, Mtukufu. Kwa amri yako. Sasa hivi." Ngwali alikuwa amekwisha kupiga goti, karatasi iko pajani. Akaandika akisoma kwa sauti: "Kukaa au kusimama juu ya sura ya Mtukufu, au kuikanyaga, bila nia mbaya, si kosa. Amri hii itaanza kutumika..." Kalamu ikasita. Haikuwa na tarehe. Akageuza uso taratibu, akamtazama Somoe.

"Tarehe nane Julai," alisema Somoe. "Mwaka juzi."

Ngwali akaandika tarehe nane Julai, mwaka juzi. Karatasi ikapandishwa kwake kwenye ncha ya fimbo ya bendera. Mtukufu akaisaini akiwa ameegemea kipaza sauti, bila kusoma, kama alivyosaini sheria zote. Kisha akaushusha mguu, na taifa likapiga makofi ya kutoka moyoni.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba Mtukufu amelionyesha taifa jinsi nchi inavyoweza kusimama imara hata kwa mguu mmoja. Wiki iliyofuata wanafunzi na watumishi wa umma wakaagizwa kusimama kwa mguu mmoja wakati wa wimbo wa taifa, beti zote kumi na saba. Waziri Pambe akaongezewa Wizara ya Uthabiti. Ngwali akapewa ghala jipya. Somoe akaachishwa kazi kwa kosa la kujibu swali.

Gereza likafungua mlango kwa watu mia tatu na kumi na mmoja, wote waliokuwa wamekaa mahali fulani wakiwa wamechoka.

Mbaruku alifika nyumbani adhuhuri, amekonda, nguo zimemvaa yeye. Somoe alimkumbatia pale mlangoni mpaka majirani wakaona haya. Akamwosha miguu. Akampakulia wali na samaki wa nazi. Kisha akakimbilia ndani, akatoka na kigoda cha mumewe, akakiweka kivulini.

"Kaa, mume wangu. Kaa ule."

Mbaruku akasimama mbele ya kigoda, mikono ubavuni.

"Kimetengenezwa na nini?"

"Mninga, Mbaruku. Ulikichonga mwenyewe mwaka tuliooana."

Akakiinua. Akakigeuza chini juu, akakipapasa miguu mitatu, akachungulia upande wa chini kwa muda mrefu. Akakirudisha kivulini, akakinyoosha kiwe sawa, asikikalie. Akashuka taratibu, akichunga magoti yake, akakaa mchangani pembeni yake.

Somoe alisimama na sahani mkononi. Akashuka naye, akaweka sahani katikati yao. Nyumba ile ilikuwa na viti vinne na kigoda kimoja, na wenyewe wawili wakala wakiwa chini.